Kuchora maisha yote huku unafundisha: maswali yanayojirudia kwa wachoraji wa Moshi na Arusha

Haya maswali yananijia kila wiki, mengine kwa WhatsApp, mengine mtu ananisimamisha sokoni Mbuyuni, mengine wazazi wakija kuchukua watoto jumamosi, na kwa kuwa yanajirudia sana nimeyaweka sehemu moja. Mimi ni mchoraji, nafundisha sekondari hapa Moshi na jumamosi nina darasa dogo Arusha. Nimeanza na maswali ya msingi, yale magumu yako chini, na pale jibu linapogusa swali jingine nimekuelekeza uende huko.

## Mwanzo kabisa

1. Kwani lazima nifundishe? Si nichore tu niuze?

Sio lazima, wapo wanaoweza. Lakini angalia soko letu lilivyo. Wanunuzi wengi wa picha Arusha na Moshi ni wageni wanaopita kwenda mbugani au mlimani, na wao wanakuja kwa misimu, Juni mpaka Oktoba, alafu Desemba mpaka Februari. Masika ikianza mwezi wa tatu mpaka wa tano maduka ya picha yanapoa kabisa na kodi ya nyumba haipoi.

Alafu kuna jambo la pili ambalo mimi naliona kubwa kuliko hela. Mgeni anayenunua haraka anataka tembo, anataka twiga, anataka Wamasai watatu wamesimama na mikuki jua linazama. Sina ubaya na hizo picha, zimesomesha watoto wengi mkoa huu. Ila kama chakula chote cha nyumbani kinatoka hapo, utachora hizo tu mpaka uzeeke, maana ukijaribu kitu kingine wiki mbili hujauza. Mshahara wa kufundisha hata uwe mdogo unakununulia ruhusa ya kuchora picha ambayo hakuna aliyeiagiza. Hiyo ndo sababu yangu ya kufundisha, sababu ya kuwapenda watoto ilikuja baadae na sasa hivi zote mbili zipo.

2. Ukifundisha si unakuwa mchoraji nusu na mwalimu nusu?

Hili neno linasemwa sana na linaumiza watu bure. Chukua mtu wa hapa hapa kwetu, Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame mwaka 1923. Alisoma Makerere, akaenda Slade, chuo cha sanaa kule London, akarudi kufundisha Makerere, baada ya uhuru akawa balozi wetu Uingereza, na miaka yote hiyo alikuwa anachora maisha ya Uchagani: migomba, watu wanalima pamoja, watu wanapeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Hiyo ya pombe ya ndizi, ya mwaka 1956, iko Museum of Modern Art, New York. Mtu alikuwa na kazi ya ubalozi na bado picha zilitoka. Profesa Elias Jengo naye amefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kizazi kwa kizazi na hakuacha kuchora.

Kwa hiyo unusu hauletwi na kufundisha. Unaletwa na kuacha kugusa brashi mwezi mzima huku ukijiambia wewe bado ni mchoraji.

3. Nahitaji cheti cha ualimu?

Kwa shule, ndio, iwe ya serikali au binafsi watakuuliza cheti cha ualimu. Chuo cha Ualimu Butimba kule Mwanza kinajulikana kwa kutoa walimu wa sanaa, na shahada unaweza kusoma Dar. Shule za kimataifa zina masharti yao, ulizia shule yenyewe. Kwa darasa lako la nyumbani au la jumamosi hakuna anayekudai cheti, watu wanaangalia unachora nini na watoto wao wanarudi na nini. Edward Tingatinga, yule mchoraji ambaye mtindo wa picha za Tingatinga unaitwa kwa jina lake, hakusomea uchoraji popote, na vijana aliowafundisha, wengi ndugu na jamaa zake, ndio waliobeba ule mtindo mpaka leo.

## Muda

4. Unapata wapi muda wa kuchora?

Hili ndo naulizwa kuliko yote, na jibu langu huwa linawashangaza watu kidogo: kinachoisha kwanza ni macho, muda unaisha baadae.

Fikiria siku ya mwalimu. Vipindi vinne, kila darasa vijana arobaini na zaidi, umezunguka umeangalia picha za watu kuanzia asubuhi na kila moja umeitolea uamuzi, hapa mkono mrefu, hapa kivuli kimekaa upande wa jua, hapa rangi imekuwa tope, rudia. Ukirudi nyumbani unaweza kuwa na masaa matatu matupu kabisa, watoto wamelala, umeme upo, na bado ukisimama mbele ya kanvasi yako huoni picha, unaona makosa tu, kwa sababu siku nzima jicho limefanya kazi ya kutafuta makosa na haliwezi kuzimwa ghafla. Watu wengi hapo wanadhani wameishiwa kipaji. Hawajaishiwa kitu, wamechoka sehemu moja maalum na hawajui ni ipi.

Kwa hiyo mimi nasema picha yako kwanza, darasa baadae. Alfajiri saa kumi na moja mpaka saa kumi na mbili na nusu, kabla hujaona kazi ya mtu mwingine yeyote, na kabla hujafungua simu maana simu nayo imejaa picha za watu. Saa moja na nusu ya macho mapya inazidi jioni tatu za macho yaliyochoka, hili nimeliona kwangu na kwa wenzangu wengi.

Tatizo la alfajiri ni mwanga, huku kwetu kunapambazuka karibu saa kumi na mbili na robo, kwa hiyo muda mwingi utakuwa na taa. Tafuta balbu ya LED nyeupe, kwenye boksi iandikwe 5000K au karibu na hapo, zile za njano zinadanganya rangi. Ile nusu saa ya kwanza fanya kazi isiyotegemea rangi sana, kupanga umbo, kuweka vivuli, tabaka la kwanza. Rangi zenyewe malizia dirisha likishaleta mwanga.

Jioni usiiache bure. Kuwamba kanvasi, kupiga praima, kukata bodi, kuosha brashi, kuandika maandalio ya somo na azimio la kazi, hayo yote mikono inafanya bila jicho kali.

5. Mimi alfajiri siwezi, nina mtoto mchanga / naamka saa kumi kuwahi daladala.

Sawa, na usijilaumu, kuna miaka maisha yako hivo. Wanaoniuliza hili wengi ni akina mama na nawajibu kwa heshima kabisa, dada usijaribu kuiga ratiba ya mtu asiye na mtoto mgongoni.

Kinachoua hapa ni muda wa kuandaa na kufungasha. Ukiwa na dakika ishirini na kumi na tano zimeenda kutoa vitu kwenye kabati, hutachora. Picha iache wazi, imesimama mahali unapopita, na vifaa vikae kwenye beseni moja lenye kifuniko ambacho mtoto hawezi kukifungua. Punguza ukubwa, bodi ya sentimita 20 kwa 20 inatosha. Na kijitabu kidogo na penseli kwenye pochi, stendi kuna watu wamekaa wanasubiri gari lijae, hakuna somo zuri la mwili wa binadamu kuliko hilo na ni bure. Jumapili mchana omba masaa mawili, uombe kwa mume, kwa mama mkwe, kwa wifi, uyataje kama kazi maana ni kazi.

6. Si bora nisubiri likizo ndo nichore kwa nguvu?

Hapana. Likizo ya mwezi wa sita na ya Desemba zinaonekana ndefu kwenye kalenda tu. Wiki ya kwanza unalala. Desemba kwetu huku ndo usiseme, Wachaga wote wanapanda nyumbani, kuna harusi, kipaimara, ubatizo, vikao vya ukoo, mbuzi, na huwezi kukaa chumbani unachora wakati ndugu wametoka Dar na Mwanza. Na mkono uliokaa miezi mitano bila kazi unahitaji kama wiki mbili kuamka, ukiamka shule inafunguliwa.

Likizo itumie kumaliza picha kubwa iliyoanza zamani. Kuanza, anza katikati ya muhula.

7. Nifundishe siku ngapi kwa wiki?

Kama ratiba iko mikononi mwako, lundika. Siku mbili zilizojaa ni bora kuliko siku tano zenye saa mbilimbili, kwa sababu ya yale niliyosema swali la 4, siku yoyote uliyofundisha hata kidogo jicho limeshatumika. Kama ni mwajiriwa huna uchaguzi huo, basi muombe mwalimu wa taaluma asubuhi moja isiyo na kipindi, wengine wanakubali ukiomba mapema kabla ratiba haijabandikwa.

8. Wiki ya zamu na wakati wa mitihani je?

Usijidai. Wiki ya zamu na ile ya kusahihisha mock, chora kwenye kijitabu tu, mistari michache kwa siku, ili mkono usisahau. Picha kubwa igeuze itazame ukutani. Ukirudi baada ya wiki utaiona upya, na hiyo ni faida.

## Ndani ya darasa

9. Nichore mbele ya wanafunzi?

Ndio, sana. Mtoto akiona mwalimu anachanganya kijani mara tatu kabla hajaipata, anajifunza kitu ambacho maneno hayampi. Ila kwenye karatasi yako, ubaoni, sio kwenye kazi yake. Kushika brashi na kumsahihishia mtoto picha yake ni tabia mbaya hata kama mzazi anafurahi kuona picha nzuri nyumbani, yule mtoto anajua ile sehemu sio yake.

Na michoro ya kuonyeshea usiihesabu kama kazi zako. Nimeona walimu wana kabati zima la michoro ya darasani na wanaamini wanachora kila siku.

10. Wanafunzi wangu wote wanachora kama mimi, nifanyeje?

Kwanza usiogope haraka, maana kwetu kuiga ni njia ya kujifunza yenye historia. Tingatinga alianza kuchora karibu mwaka 1968 akafa 1972, miaka minne hivi tu, kwa rangi ya kopo, ile inayong'aa, kwenye vipande vya hadibodi. Mtindo ulibaki kwa sababu vijana walikaa pembeni yake wakajaza rangi, wakaiga ndege wake, wakaiga vidoto vyake, baadae wakaunda umoja wao na mwaka 1990 ukawa chama cha ushirika. Kwa hiyo mtu akija kwako anataka kujifunza mtindo ule apate kula, mfundishe kwa kuiga, na uwe mkweli kwake kwamba hicho ndicho anachopata.

Darasa la shule ni kitu kingine. Pale nataka mtoto aangalie kwa macho yake. Ninachofanya ni kuondoa picha zangu zote darasani, ukutani hakuna hata moja ya kwangu, na kuweka vitu mezani: mkungu wa ndizi, ndoo ya bati, kiatu kilichokwisha, mbege, ile pombe yetu ya ndizi, kwenye kibuyu kama umeweza kukipata. Tena nawakataza rangi ninazozipenda mimi. Kuna muhula tulichora bila bluu kabisa na zilitoka picha ambazo nisingezipata kichwani mwangu hata nikikaa mwaka. Watoto wa Marangu na watoto wa Majengo hawaoni vitu sawa, mmoja amekua kwenye kivuli cha migomba na mwingine kwenye mabati na jua kali, acha hiyo tofauti itoke.

Ukiona bado wanakuiga baada ya hapo, angalia unasifia nini. Mara nyingi mwalimu anasifia picha zinazofanana na zake bila kujua, na watoto wanajua kusoma uso wa mwalimu vizuri mno.

11. Je nifundishe kile ninachokichora mimi kwa sasa?

Maoni yangu, hapana, mpaka ukimalize. Picha ambayo bado unaitafuta ukianza kuielezea kwa vijana arobaini unalazimika kuipa maneno yaliyonyooka, na ukishaipa maneno unarudi nyumbani unachora yale maneno. Kuna wenzangu hawakubaliani na mimi kwenye hili.

Fundisha shida zilizo ndani ya picha. Mfano mimi nahangaika miaka na theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, alfajiri. Ukiangalia kabla jua halijapanda, ile theluji ina waridi na kijivu cha bluu, nyeupe ya kwenye tyubu ukiipaka inakuwa kama karatasi imebandikwa juu ya mlima. Darasani sipeleki picha yangu ya Kibo. Nachukua yai, shati jeupe na karatasi nawaambia wachore vitatu hivyo bila kutumia nyeupe tupu. Wao wanapata somo, na mimi nikirudi kesho alfajiri nimeshaona vyeupe arobaini ambavyo sikuvifikiria. Hapo ndo ufundishaji unailisha picha, na ukiupata mpangilio huu mambo mengi yanatulia yenyewe.

12. Darasa kubwa, vifaa hamna.

Mkaa wa jikoni, chagua vipande vyembamba vya mti mgumu. Maboksi ya dukani upande wa ndani. Udongo mwekundu wa huku kwetu, uchekeche kwa kitambaa, changanya na gundi nyeupe ya mbao na maji kidogo, unapata rangi ya kahawia nzuri sana. Kahawa iliyokolea inachora vivuli safi kwenye karatasi, na Moshi kahawa haikosekani. Bajeti ya shule ikitoka nunua karatasi nzito kwanza, rangi zifuate.

## Vifaa na mahali pa kuchorea

13. Rangi gani inaendana na maisha ya mwalimu?

Inategemea muda wako umekatika vipi. Akriliki inakauka maji yakitoka tu, nusu saa umeweka tabaka jingine, kwa hiyo inamfaa mwenye vipande vifupi. Shida ni joto la Moshi, Januari na Februari inakauka kwenye sahani kabla hujafika kwenye kanvasi. Weka kitambaa kilicholowa chini ya karatasi ya kuchanganyia, na chupa ya kupulizia maji iwe karibu.

Rangi ya mafuta ya tyubu inakauka kwa kuvuta hewa, siku kadhaa hadi wiki, na Arusha mwezi wa sita na wa saba kwenye ule ubaridi ni zaidi. Watu wanaiona inachelewesha, mimi naiona inamsubiri mwalimu, unaweza kuiacha jumatatu ukaenda shule, ukarudi jumanne alfajiri bado laini unaendelea pale pale. Unaweza kuanza na akriliki chini ukamalizia na mafuta juu. Kinyume chake usifanye, akriliki juu ya mafuta itabanduka.

Rangi ya kopo ya hadware inang'aa na ni rahisi kwa bei, ila harufu yake na ya tapentaini havifai chumba cha kulala, hasa kama kuna mtoto. Na hili nalisema kwa herufi kubwa ndani ya moyo: vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa kwenye pipa, vinajipasha joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto bila kiberiti. Vitandaze nje vikauke, au vizamishe kwenye maji.

14. Sina studio. Kona ya sebule inatosha?

Inatosha, mradi iwe ya kudumu, sababu iko swali la 5. La kuangalia ni dirisha. Vitabu vya Ulaya vinasema dirisha la kaskazini, kwa sababu kwao jua halipiti upande huo. Sisi tupo kama nyuzi 3 kusini mwa ikweta, kwetu jua la saa sita mchana mwezi wa sita linakaa upande wa kaskazini, na Desemba linahamia kusini. Maana yake mwalimu aliyesoma kile kitabu anajenga studio yenye dirisha la kaskazini alafu Juni jua linampiga kwenye kanvasi. Kama unaweza uwe na madirisha pande zote hizo mbili, ufungue moja na kufunika jingine kulingana na mwezi. Kama ni moja tu, pazia jepesi jeupe linatatua sehemu kubwa. Madirisha ya mashariki na magharibi ndo mabaya zaidi, rangi inabadilika kila dakika.

## Hela na makubaliano

15. Bei ya darasa la binafsi nipange vipi?

Hesabu maandalizi, nauli, vifaa na ile siku nzima uliyoshindwa kuchora. Wengi wanahesabu saa ya kufundisha peke yake. Moshi na Arusha ni kama kilomita 80, darasa la masaa mawili linakula siku. Na hela za vifaa vya wanafunzi zikae kwenye laini tofauti na hela yako ya rangi, zikichanganyika mwezi wa pili utakuwa unachora na hela za watoto au unawanunulia watoto kwa hela ya picha, na zote mbili zinaleta ugomvi.

16. Picha ya mwanafunzi ikinunuliwa kwenye maonyesho, hela ni ya nani?

Ya mwanafunzi. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 mwenye kazi ni aliyeitengeneza, maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na kufundisha hakukupi umiliki wa mkono wa mtu. Kama darasa linabakiza sehemu kwa ajili ya fremu na vifaa, mzazi akubali kwa maandishi kabla ya maonyesho, sio siku mgeni ameshatoa dola mfukoni.

Kijana anayekusaidia kujaza rangi kwenye picha zako za kuuza ni habari nyingine, huyo ni msaidizi, mkubaliane malipo mapema na jina gani linakaa kwenye picha.

17. Mimi ni mwalimu wa serikali, naruhusiwa kuuza picha?

Ongea na mkuu wa shule na upate jibu kwa maandishi. Mambo matatu mimi siyafanyi: kuchora picha za kuuza muda wa kazi, kutumia rangi za shule, na kumtoza hela ya tuisheni mwanafunzi ambaye nitamsahihisha mtihani. Ukitaka kufanya maonyesho na kuuza kama msanii, jisajili BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na masuala ya hakimiliki yako COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

## Miaka ikienda

18. Sijachora miaka kadhaa, nafundisha tu. Narudije?

Usirudi kwenye ile picha uliyoiacha, yule aliyeianza hayupo tena. Chukua kitu kimoja kidogo cha nyumbani, kikombe, chora kila siku kwa wiki kadhaa bila kumuonyesha mtu. Zitakuwa mbaya na itakuuma zaidi kuliko mwanafunzi, kwa sababu jicho lako la ualimu limeendelea kukua wakati mkono umelala. Mkono unafika, ila unahitaji wiki, usiupe siku tatu.

19. Nina mwanafunzi amenizidi. Naumia na naona aibu kusema.

Wanaoniandikia hili wananiandikia usiku. Mwalimu mwenzangu, umefanya kazi yako, na kuumia ni kwa sababu bado ni mchoraji, asiyechora haumii. Mwambie kijana ukweli wote, kwamba ana mkono mzuri, na umtafutie mwalimu mwingine au watu wa kumpeleka mbele, usimbane awe wako. Usimuombe pia awe kipimo chako. Kijana wa miaka kumi na tisa ana kasi, ana masaa, hana watoto, picha zake za miaka hii na picha zako za miaka hii zinajibu maswali tofauti. Na wiki hiyo hiyo uliyoumia rudi kwenye kazi yako ya alfajiri, ukiacha kuchora ndo wivu unakua.

20. Nitajuaje nimefika wakati wa kuacha au kupunguza kufundisha?

Ukianza kuwachukia wanafunzi kwa kuwa wana muda. Hapo punguza, hata kama hela itabana. Mchoraji Hans Hofmann kule Marekani alifundisha wachoraji wengi wakubwa, akafunga shule zake mwaka 1958 akiwa na miaka 78 ili achore muda wote, na picha zake zenye nguvu sana nyingi ni za baada ya hapo.

21. Nikistaafu na miaka 60 si nitakuwa nimechelewa?

Alma Thomas, Mmarekani mweusi, alifundisha sanaa shule moja ya Washington miaka 35, akastaafu 1960. Mwaka 1972 akiwa na miaka 80 akawa mwanamke wa kwanza mweusi kufanyiwa maonyesho ya peke yake pale Whitney, jumba la makumbusho ya sanaa New York. Lakini angalia vizuri, hakuanza kuchora alipostaafu, alikuwa anachora na kusoma miaka yote ya ualimu. Kwa hiyo 55 au 60 ikifika haijachelewa kama mkono umekuwa hai.

Macho yapimwe. Kuanzia miaka arobaini hivi karibu kila mtu anapata shida ya kuona karibu, miwani ya kusomea inatatua. Mtoto wa jicho ndo hatari kwetu kwa sababu ugonjwa huo unageuza rangi unazoziona taratibu kuwa za njano na kahawia na mwenyewe hujui, Monet, mchoraji wa Ufaransa, alipata shida hiyo hiyo na akafanyiwa upasuaji mwaka 1923. Ukiona watu wanakuambia picha zako zimekuwa nyekundu mno au za njano, nenda hospitali ya KCMC wakucheki, usibishane nao.

22. Picha za miaka yote nizihifadhi vipi, na nikifa nani anaamua?

Zisimame wima, zisilazwe, na zisiguse sakafu wala ukuta, mchwa wa huku wanapanda kupitia fremu. Weka juu ya vipande vya mbao vilivyopakwa oili chafu, acha nafasi hewa ipite, na masika zifungulie mara kwa mara maana ukungu unaanzia nyuma ya kanvasi ambako huangalii. Nyuma ya kila picha andika jina lako, mwaka, rangi uliyotumia na kama ni yako, ya kuonyeshea darasani au ya mwanafunzi, kwa penseli kwenye mbao ya fremu, kalamu ya wino inapenya mbele.

Kuhusu kufa, ile miaka 50 ya swali la 16 inaenda kwa warithi wako, kwa hiyo andika wosia, utaje picha kama mali, kama vile unavyotaja kihamba, shamba la ukoo. Piga picha kila moja kwa simu, orodha impe mtu mmoja kwenye familia anayejua tofauti ya picha na mbao za kuwashia moto, na nakala nyingine mwachie mwanafunzi mmoja unayemwamini.